Miamba iliyo chini ya Kambria si mitupu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji, na naomba uniwie radhi kwa urefu wa haya ninayoyaandika, maana kosa lenyewe lilisemwa kwa sentensi mbili lakini haliwezi kurekebishwa kwa sentensi mbili. Katika makala yenu kuhusu historia ya dunia, mwandishi wenu alieleza kwamba uhai ulizuka ghafla katika kipindi cha Kambria, yapata miaka milioni 540 iliyopita, na kwamba miamba yote iliyotangulia kipindi hicho ni mitupu, haina kisukuku hata kimoja, yaani masalia au chapa ya kiumbe wa kale iliyohifadhiwa katika jiwe. Siku chache baadaye mlichapisha barua ya msomaji mwenzangu ambaye, kwa kuiamini makala hiyo, alihitimisha kwamba elimu nzima ya visukuku ni ya kubahatisha, kwa kuwa wenye elimu hiyo hawawezi kueleza wanyama hao walitokea wapi. Simlaumu msomaji huyo hata kidogo. Alijenga juu ya msingi aliopewa, na msingi huo ndio wenye kasoro. Nimefundisha somo hili kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na kila mwaka niliwakuta wanafunzi wapya wanaoamini jambo hilihili, kwa maneno karibu yaleyale, kwa sababu waliwahi kulisoma mahali.

Niseme kwanza kwamba mwandishi wenu hakulizua jambo hili. Kwa karibu miaka mia moja hayo ndiyo yaliyokuwa maoni ya kweli ya wataalamu wengi, na yalikuwa na sababu. Jina la Kambria lilitolewa mwaka 1835 na Adam Sedgwick, Mwingereza aliyechunguza matabaka ya kale ya Wales, naye alilichukua kutoka jina la Kilatini la nchi hiyo, Cambria. Kwa muda mrefu yeye na Roderick Murchison, aliyekuwa rafiki yake, waligombania mpaka kati ya matabaka ya Kambria na yale ya Siluria yaliyo juu yake, hadi mwaka 1879 Charles Lapworth alipoyatenga matabaka yaliyogombaniwa na kuyapa jina lake la tatu, Ordovisia. Lakini pande zote zilikubaliana juu ya jambo moja: ukishuka chini zaidi, trilobiti, wale wanyama wa bahari wenye gamba gumu na miguu mingi, wanakwisha, kombe zinakwisha, na mwamba unaonekana kunyamaza.

Charles Darwin aliliona tatizo hilo na hakulificha. Katika kitabu chake cha mwaka 1859 kuhusu asili ya spishi alikiri waziwazi kwamba hakuwa na jibu la kuridhisha kwa anayeuliza kwa nini hatuoni masalia mengi ya viumbe chini ya matabaka ya chini kabisa yenye visukuku yaliyojulikana wakati huo. Alikuwa na hakika kwamba palikuwapo zama ndefu sana zilizotangulia, pengine ndefu kuliko zote zilizofuata, na kwamba katika zama hizo bahari zilikuwa na viumbe. Ushahidi hakuwa nao mkononi. Alikufa mwaka 1882 bila kuupata, na ninapofika hapa huwa nasikitika kidogo, kwa sababu baadhi ya ushahidi huo ulikuwa umekwisha kuokotwa na kutupiliwa mbali miaka kumi kabla ya kifo chake. Nitaurudia.

Kwanza nianze na neno uhai, maana hapo ndipo makala ilipopotoka zaidi. Dunia ina umri wa miaka milioni 4,540 hivi. Katika eneo la Pilbara, magharibi mwa Australia, kuna miamba yenye umri wa karibu miaka milioni 3,480 iliyo na stromatoliti, yaani vichuguu vya mawe vilivyojengwa tabaka juu ya tabaka na utando wa bakteria waliokuwa wakinasa tope na chokaa katika maji ya kina kifupi. Vichuguu vya namna hiyo vinaendelea kujengwa hata leo katika ghuba ya Shark Bay, Australia hiyohiyo, ambako maji yana chumvi nyingi mno kiasi kwamba konokono wa kuvitafuna ni wachache. Yapata miaka milioni 2,400 iliyopita oksijeni iliyotolewa na bakteria wa jamii hii ilianza kubaki hewani, na mabadiliko hayo yanasomeka katika miamba yenyewe, kwa namna chuma kilivyoshika kutu. Katika mwaka 1954 Stanley Tyler na Elso Barghoorn walitangaza kwamba katika jiwe gumu jeusi la Gunflint, huko Ontario nchini Kanada, mwamba wenye umri wa karibu miaka milioni 1,880, wameona kwa hadubini nyuzi na vidonge vya vijidudu vilivyohifadhiwa ndani ya madini ya silika kama wadudu wanavyohifadhika ndani ya sandarusi.

Msomaji na achukue kalamu apige hesabu. Kuanzia stromatoliti za Pilbara hadi mwanzo wa Kambria ni miaka milioni 2,900 na zaidi. Kuanzia mwanzo wa Kambria hadi leo ni miaka milioni 539. Sehemu ya historia ya uhai iliyotangulia Kambria ni ndefu zaidi ya mara tano kuliko sehemu yote iliyofuata, yenye samaki, misitu, mijusi wakubwa, ndege na sisi wenyewe. Kuuita mwanzo wa Kambria mwanzo wa uhai ni sawa na kuingia ndani ya nyumba usiku wa manane, ukawasikia watu wakizungumza, kisha ukasema kwamba wamezaliwa ulipofungua mlango.

Pengine mwandishi alikusudia kusema wanyama, si uhai. Tukubali hivyo, bado miamba si mitupu. Hapa naomba subira ya wasomaji, kwa sababu sehemu hii ndiyo iliyonifanya niandike.

Mwaka 1872 Elkanah Billings, mtaalamu wa visukuku wa Kanada, alieleza alama za duara zilizopatikana katika miamba ya Newfoundland, akaziita Aspidella. Miamba hiyo ilikuwa chini ya matabaka ya Kambria. Wenzake walimpinga: wengine walisema ni alama za mapovu ya gesi yaliyopenya kwenye tope, wengine wakasema ni madini yaliyojikusanya yenyewe. Hoja yao kubwa haikutokana na kuyachunguza mawe, bali na kanuni kwamba chini ya Kambria hakuna visukuku, basi hizi haziwezi kuwa visukuku. Mwaka 1908 mawe yenye maumbo kama manyoya yaliokotwa kusini mwa Namibia, na mwaka 1930 Georg Gürich akalipa umbo mojawapo jina la Rangea; nayo yakahesabiwa kuwa ya Kambria au yakasahauliwa. Mwaka 1946 Reg Sprigg, mjiolojia aliyekuwa akikagua machimbo ya zamani katika vilima vya Ediacara kusini mwa Australia, aliona juu ya vibao vya mawe ya mchanga chapa za viumbe laini, nyingine kama sahani, nyingine kama jani. Alidhani ni yavuyavu, akayachapisha mwaka uliofuata kama masalia ambayo huenda ni ya Kambria ya mwanzo. Hata yeye, mwenye macho makali namna ile, ilimwia vigumu kuyateremsha chini ya mstari.

Kisha ikafika zamu ya watoto. Mwaka 1956 msichana wa miaka 15, Tina Negus, aliona katika mwamba wa msitu wa Charnwood, katikati ya Uingereza, umbo la jani refu lenye mishipa iliyopangika vizuri. Alikuwa amesoma kwamba miamba ya hapo ni ya kabla ya Kambria. Alipomweleza mwalimu wake, mwalimu alimjibu kwamba katika miamba ya kabla ya Kambria hakuna visukuku. Msichana akasema kwamba hilo analijua, na ndiyo sababu limemshangaza. Jibu likabaki lilelile: kama ni mwamba huo, basi alichokiona si kisukuku. Mwaka mmoja baadaye, mwaka 1957, mvulana aitwaye Roger Mason alikwenda kupanda mwamba uleule pamoja na wenzake, akaliona umbo lilelile, akalichapa juu ya karatasi, na baba yake akampeleka kwa Trevor Ford wa chuo kikuu cha Leicester. Ford alikwenda akaona kwa macho yake. Mwaka 1958 kiumbe huyo alitangazwa kwa jina la Charnia masoni, na kwa kuwa umri wa miamba ya Charnwood haukuwa na ubishi, mlango uliokuwa umefungwa tangu siku za Sedgwick ulifunguka. Muda si muda mtaalamu wa visukuku Martin Glaessner akatambua maumbo ya jamii hiyohiyo katika mawe ya Australia, na vile vilivyokuwa vimetawanyika, vya Namibia, vya Sprigg na hata vile vya Billings, vikaanza kueleweka kuwa ni vya ulimwengu mmoja.

Mimi kama mwalimu siwezi kuisoma habari ya msichana yule bila moyo kuniuma. Mwalimu wake hakuwa mjinga wala mkatili. Alirudia kilichoandikwa katika vitabu vya wakati wake. Lakini gazeti linaloandika leo kwamba miamba ile ni mitupu linarudia jibu lilelile lililomnyamazisha Tina Negus, miaka mingi baada ya jibu hilo kuthibitika kuwa si kweli. Mwaka 2004 chama cha kimataifa cha sayansi za jiolojia kilikiidhinisha rasmi kipindi cha Ediakara, kinachoanza miaka milioni 635 iliyopita na kuishia pale Kambria inapoanza. Ilikuwa mara ya kwanza kwa zaidi ya karne moja kipindi kipya kuongezwa katika kalenda ya dunia.

Ni viumbe gani hao? Wengi walikuwa laini, bila mifupa, bila kombe, na kwa kadiri tunavyoona, bila mdomo. Wale wa jamii ya Charnia walisimama juu ya sakafu ya bahari wakiwa wameshikilia kwa kitako kama sahani, na kila tawi lao liligawanyika kuwa matawi madogo yenye umbo lilelile la tawi kubwa, na hayo tena vivyo hivyo. Pale Mistaken Point, Newfoundland, mtu anaweza kutembea juu ya sakafu nzima ya bahari ya miaka milioni 565 hivi iliyopita, yenye viumbe hao mamia kwa mamia wakiwa wamelala palepale majivu ya volkano yalipowafunika. UNESCO iliiweka pwani hiyo katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2016. Dickinsonia, aliyefanana na mkeka wa duara wenye mistari, aliweza kuzidi urefu wa mita moja ilhali unene wake ulikuwa mdogo sana. Kwa miongo mingi watu walibishana kama alikuwa mnyama, kuvu, au kitu kingine kisicho na mfano leo. Mwaka 2018 watafiti waliochunguza mabaki yake kutoka pwani ya Bahari Nyeupe nchini Urusi, yenye umri wa miaka milioni 558, walikuta ndani yake masalia ya kolesteroli, mafuta yaleyale yanayotambulisha miili ya wanyama. Katika pwani hiyohiyo kuna Kimberella, kiumbe kama konokono asiye na kombe, ambaye karibu yake huonekana mikwaruzo iliyopangika kama upepeo wa kupepea moto, alama za mnyama aliyekuwa akiukwangua utando wa bakteria ili ale. Mnyama anayekula na kuhama mahali, miaka milioni 15 na zaidi kabla ya Kambria.

Labda mtu atauliza inawezekanaje mwili laini usio na mfupa uache chapa katika mchanga. Sakafu ya bahari wakati ule ilitandikwa na utando wa bakteria, mgumu kiasi, kama ngozi. Kiumbe alipofunikwa na mchanga wa dhoruba, utando ule ulimshika, ukaota tena juu ya mchanga na kuufunga, na madini yakaufanya mgumu kabla mwili haujaoza kabisa. Hapakuwa na wanyama wengi wa kuchimbua chini na kuvuruga. Kwa hiyo zama ambazo tuliziita tupu zilikuwa, kwa namna yake, hodari sana wa kutunza miili laini. Kasoro ilikuwa kwamba tulikwenda kutafuta kombe.

Sasa niijie hoja ya msomaji mwenzangu kwamba umri huu wote ni wa kubahatisha. Majivu ya volkano yaliyowafunika viumbe wa Mistaken Point yana chembe ndogo za madini yaitwayo zirkoni. Zirkoni inapoganda kutoka kwenye uji wa moto wa mwamba, huipokea urani ndani yake lakini huikataa metali ya risasi. Kwa hiyo risasi yoyote inayokutwa baadaye katikati ya chembe safi imetokana na urani iliyogeuka. Urani ya aina ya 238 huchukua miaka milioni 4,468 ili nusu yake igeuke. Ile ya aina ya 235 huchukua miaka milioni 704. Ni saa mbili ndani ya chembe moja, zinazokwenda kwa mwendo tofauti, na kila moja huishia katika aina yake ya risasi. Saa hizo zikikubaliana, mpimaji ana haki ya kuziamini; zisipokubaliana, anajua kwamba chembe imeharibika na anaiweka kando. Kubahatisha hakuna masharti ya namna hiyo.

Wala sitaki kuipunguzia Kambria heshima yake. Jambo kubwa lilitokea. Ninachokataa ni kwamba lilitokea kwa mpigo mmoja. Yapata miaka milioni 550 iliyopita, bado katika Ediakara, anaonekana Cloudina, mnyama mdogo aliyejijengea vikombe vya chokaa vilivyopachikana, ambaye Gerard Germs alimpa jina mwaka 1972 kutokana na masalia ya Namibia, kwa heshima ya mjiolojia Preston Cloud. Baadhi ya vikombe vya Cloudina vya nchini China vina matundu yaliyotobolewa: alikuwapo tayari wa kumla. Kisha huja mashimo yanayokwenda chini na kupanda ndani ya tope, yaliyo alama ya mwanzo wa Kambria, miaka milioni 538.8 iliyopita. Baadaye vigamba na vibomba vidogo vingi, ambavyo mara nyingi hatujui vilikuwa sehemu gani ya mwili. Trilobiti, ambao makala yenu imewataja kama wa kwanza, huonekana yapata miaka milioni 521 iliyopita, yaani karibu miaka milioni 18 baada ya kipindi kuanza. Miaka milioni 18! Hawakuwa wa kwanza kufika katika karamu hiyo. Walikuwa wa kwanza kuvaa mavazi yanayodumu, na macho yao yenye lenzi za madini ya chokaa yamedumu vizuri hivi kwamba mtu anaweza kuzihesabu lenzi moja moja.

Miaka milioni 518 iliyopita tunafika Chengjiang, katika jimbo la Yunnan nchini China, ambako mwaka 1984 Hou Xianguang alipasua jiwe la tope na kukuta mnyama mwenye miguu na vipapasio bado vinaonekana. Humo ndimo walimopatikana pia Haikouichthys na Myllokunmingia, viumbe wa sentimita tatu hivi wenye alama za uti na vyumba vya mashavu ya kupumulia majini, ndugu wa kale wa samaki na kwa hiyo wa kila mwenye uti wa mgongo. Miaka milioni 508 iliyopita ndipo yalipofunikwa matope ya Burgess, katika milima ya magharibi mwa Kanada, aliyoyagundua Charles Walcott mwaka 1909 na kurudi huko hadi mwaka 1924, akikusanya vipande zaidi ya 65,000.

Walcott alikuwa na kazi nyingi, na wanyama wale wa ajabu aliwaweka katika makundi yaliyojulikana tayari, kila mmoja na kabati lake. Miongo kadhaa baadaye mtaalamu wa visukuku Harry Whittington na wanafunzi wake Derek Briggs na Simon Conway Morris walivifungua upya vipande hivyo kwa sindano na subira. Whittington alipoonyesha mchoro wa Opabinia, mwenye macho matano na mkonga uliomalizika kwa koleo, wasikilizaji katika mkutano wa wataalamu waliangua kicheko. Anomalocaris ana historia ndefu zaidi: kiungo chake cha kukamatia kilielezwa mwaka 1892 kuwa ni mwili wa kamba asiye na kichwa, mdomo wake ukadhaniwa kuwa yavuyavu, na ni mwaka 1985 tu Whittington na Briggs walipoonyesha kwamba vyote ni vya mwindaji mmoja mkubwa. Hallucigenia alichorwa mwaka 1977 akitembea kwa miiba yake; mwaka 1991, kutokana na jamaa zake wa Chengjiang, akageuzwa miguu chini miiba juu; na mwaka 2015 ikathibitika ni upande gani wenye kichwa. Msomaji mwenzangu anaweza kuyaona haya kuwa dalili ya kubahatisha. Mimi nayaona tofauti kabisa. Anayebahatisha hawezi kurekebishwa na jiwe, kwa sababu hakusema kitu kinachoweza kukaguliwa, lakini hawa walisema kitu bayana, jiwe likawapinga, nao wakaandika kwamba walikosea.

Kuhusu sababu za mabadiliko yale sitasema mengi, maana zinajadiliwa hadi sasa na kila moja ina watetezi wake. Barafu kubwa zilizofunika dunia karibu yote zilikuwa zimekwisha miaka milioni 635 iliyopita, na oksijeni baharini iliongezeka kwa vipindi katika Ediakara, ingawa si kwa mfululizo. Walaji walipotokea, kuwa na ganda kukawa na faida. Ganda likawa na faida, na mlaji mwenye taya akapata faida naye. Mimi binafsi naupa uzito mkubwa uchimbaji. Wanyama walipoanza kupenya tope walipeleka oksijeni na chakula chini, wakafungua makazi mapya, na wakati huohuo wakautoboa na kuuvunja ule utando wa bakteria uliokuwa umetandikwa juu ya sakafu ya bahari tangu kale. Viumbe wa Ediakara walipoteza zulia walilolisimamia, nasi tukapoteza kile kilichokuwa kikizihifadhi chapa zao. Kwa hiyo sehemu ya ule ughafla tunaouona katika miamba ni mabadiliko ya namna ya kuhifadhi, si ya uhai peke yake, na mwandishi yeyote wa habari hizi anapaswa kuvitenganisha viwili hivyo.

Hapa nafika kwenye neno mlipuko, ambalo makala yenu ililitumia mara kwa mara. Najua limeenea, na najua limefasiriwa kutoka lugha nyingine. Lakini katika Kiswahili mlipuko ni wa baruti, wa bomu, wa volkano: kitu kinachotokea kabla hujageuza shingo, na kinachoacha vifusi. Mabadiliko yaliyochukua zaidi ya miaka milioni 20, hata tukianza kuhesabu kwa Cloudina na kuishia trilobiti tu, hayastahili neno hilo. Mimi darasani nilitumia mchipuko. Kinachochipua kinaonekana kwa haraka baada ya mvua, kweli, lakini kila mkulima anajua kwamba mbegu na mizizi vilikuwapo chini kabla ya jicho kuona kijani. Mhariri anaweza kupata neno bora zaidi, nami nitalipokea kwa furaha.

Ombi langu la mwisho ni kuhusu ule mchoro wa ngazi ya nyakati uliopamba makala, ambao nimeambiwa walimu kadhaa wameukata na kuubandika ukutani. Kwenye kidato cha chini kabisa mmechora trilobiti, na chini yake pameachwa peupe. Naomba muuchapishe upya mkiwa mmeiteremsha ngazi hiyo hadi kwenye vichuguu vya Pilbara, mkaweka jani la Charnia na mkeka wa Dickinsonia mahali pake, na pale penye mpaka wenyewe msichore mnyama yeyote. Mpaka huo uliwekwa kimataifa mwaka 1992 katika jabali la Fortune Head, Newfoundland, mahali panapoanza kuonekana mashimo ya mchimbaji aliyepewa jina la Treptichnus pedum, na hata hapo, wachunguzi waliorudi miaka michache baadaye waliyakuta mashimo hayo pia mita chache chini ya mstari. Jina hilo ni la mashimo. Mnyama mwenyewe, pengine mnyoo fulani, hakuacha mwili ndani yake. Mchoraji wenu akiweka hapo mstari mmoja uliojipinda ndani ya tope, wenye vijitawi vinavyopanda juu kimoja baada ya kingine, atakuwa amechora mwanzo wa Kambria kama ulivyo.

Wako katika kuelimishana,

Mwalimu mstaafu wa jiografia